Ishike Kamba Mwenyewe

Mbukwenyi wote! Wazee wangu mliokuja na wajukuu, shikamooni. Walimu wenzangu, habari za asubuhi. Vijana wa kidato cha tano na sita, vijana wa skauti, na nyie mliotoka vyuoni mkakubali kuacha Jumamosi yenu, karibuni sana.

Nimeombwa nizungumzie kupanda milima. Naomba kwanza tulitazame hilo neno, maana Kiswahili chetu kinayo mawili na watu wa Pwani hawayachanganyi. Ngazi unapanda, basi unapanda, kilima unapanda. Mnazi hukwewa. Mkwezi anatumia mikono, miguu na kitanzi cha kamba alichokivaa miguuni, na hakuna mkwezi aliyejifunza kazi yake kwa kusimuliwa. Alipewa mnazi mfupi kwanza, mkubwa wake akasimama chini akimwangalia na kumkaripia. Mimi leo nataka kuzungumzia kukwea: milima ya miamba na barafu, ambako hatua moja ikikosewa hakuna kuchubuka goti, kuna kufa. Na zaidi nataka kuzungumzia namna ya kujifunza, kwa sababu mimi mwenyewe nilianza vibaya.

Miaka kumi na moja iliyopita nilikwenda Kilimanjaro kwa mara ya kwanza. Mimi ni mtoto wa Kondoa. Nimekulia kwenye majabali ya Kolo, kule kwenye michoro ya mapangoni, nikajiona miguu ninayo. Nikalipia siku tano kwa njia ya Marangu, kwa sababu siku tano ni nafuu kuliko sita. Usiku wa kwanza tulilala kibanda cha Mandara, mita 2,720. Wa pili Horombo, mita 3,720. Siku ya tatu tukafika kibanda cha Kibo, mita 4,720. Hiyo hesabu hata mtoto wa darasa la nne anaiweza: kila siku mita elfu moja. Sasa madaktari wa milimani wanashauri hivi: ukishavuka mita 3,000, mahali unapolala pasizidi pa jana kwa mita 500 au hapo karibu, na kila baada ya siku tatu au nne upumzike siku nzima. Mimi niliongeza maradufu ya kiwango hicho, na usiku uleule wa Kibo nikaamshwa saa tano kwenda kileleni.

Nilifika Gilman's, ukingoni mwa kreta, mita 5,685, nikiwa nimeshikwa mkono. Jua lilivyochomoza sikumbuki. Nakumbuka visigino vya aliyenitangulia, na nakumbuka nilitapikia glavu. Mwongozaji wangu hakuwa mtu mbaya. Alinibembeleza, akanibebea begi, akanifunga hadi vifungo vya koti kama mtoto wa chekechea. Niliposhuka nikapewa cheti, watu wakanipongeza. Lakini nilipokaa nyumbani Makole, hapahapa Dodoma, wiki ile nikajiuliza nimejifunza nini, sikupata jibu. Sikujua kichwa kiliuma kwa nini. Sikujua kwa nini tuliondoka usiku badala ya mchana. Na yule kaka aliyenishika mkono, kama angevunjika mguu pale kwenye kokoto, nisingejua hata pa kuanzia kumsaidia.

Kuna ajali moja ambayo ilinifungua macho, nayo ni ya zamani sana. Matterhorn ni mlima wa mita 4,478, mpakani mwa Uswisi na Italia. Tarehe 14 Julai 1865 watu saba walifika kilele chake kwa mara ya kwanza. Walikuwa Waingereza wanne, yaani Edward Whymper, Charles Hudson, Francis Douglas na kijana wa miaka 19 aliyeitwa Douglas Hadow. Waongozaji walikuwa watatu: Michel Croz wa Chamonix, na Peter Taugwalder wawili wa Zermatt, baba na mwana. Walipoanza kushuka wakafungana kamba, Croz mbele, Hadow akimfuata. Hadow hakuwa na uzoefu wa miamba ya namna ile. Basi Croz alikuwa anaweka shoka lake pembeni, anaishika miguu ya kijana, anaiweka mmoja baada ya mwingine mahali pa kukanyaga. Whymper ameyaandika haya. Croz akageuka ili ashuke hatua yake mwenyewe, Hadow akateleza, akamgonga. Wawili hao wakamng'oa Hudson, Hudson akamng'oa Douglas. Kamba iliyokuwa kati ya Douglas na Taugwalder mzee, dhaifu kuliko zote walizokuwa nazo, ikakatika. Wakafa wanne.

Wahenga wetu walishasema: kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Wale watu walikuwa wameshamaliza kupanda, wameshafurahi kileleni.

Lakini nataka mmwangalie Croz. Alikuwa miongoni mwa waongozaji hodari kabisa wa wakati wake, na dakika zake za mwisho alikuwa ameinama, shoka kaliweka pembeni, mikono yake miwili imeshika buti za mtu mwingine. Kila ninapokumbuka hilo namkumbuka yule kaka aliyenifunga vifungo vya koti. Nilikuwa Hadow wake. Tofauti ni kwamba njia ya Marangu ni njia ya kutembea, ikanisamehe.

Kwa hiyo niliamua nikirudi mlimani nitarudi kama mwanafunzi. Nikatafuta mwongozaji wa Mlima Kenya, mtu wa Naro Moru. Mnajua ule mlima una vilele vitatu vyenye majina ya Kimaasai, yaliyotokana na malaiboni, viongozi wao wa kiroho: Batian mita 5,199, Nelion mita 5,188, na Lenana mita 4,985. Lenana unaufikia kwa miguu. Batian na Nelion ni ukuta wa mwamba, lazima kamba. Nilipompigia simu nikamuuliza swali moja tu: siku ya kwanza utanifundisha nini? Akasema, "Mwalimu, siku ya kwanza hatupandi kitu. Siku ya kwanza ni mafundo."

Na kweli. Tulikaa kwenye nyasi saa tatu nzima. Fundo la nane, lile unalojifungia kwenye mkanda wa kiunoni na mapajani, wenyewe wanauita hanesi. Alinifundisha, nikalifunga, akalitazama, akasema, "Fungua. Funga tena." Nikafunga. "Fungua. Sasa funga umefumba macho." Nikafunga. Akanipa glavu nene nifunge nikiwa nimezivaa. Kisha akanimwagia maji ya baridi vidoleni akasema nifunge tena. Mimi ni mwalimu, najua mtu akifundisha na mtu akijifanya anafundisha. Yule alikuwa anafundisha.

Tulipanda tukalala njiani tuzoee hewa, tukafika kibanda cha mwisho karibu mita 4,800. Tukaanza ukuta alfajiri, nyota bado ziko juu. Hapa niwaeleze kazi yenyewe inavyokwenda, maana watu hudhani kamba ni ya kujivutia. Kamba si ya kujivutia. Unakwea kwa vidole na miguu yako, kamba inakungoja uanguke. Mmoja anatangulia, anabana vyuma vyake kwenye nyufa za mwamba na kupitisha kamba humo. Mwingine amebaki chini amejifungia kwenye jabali, anaachia kamba kidogo kidogo kupitia kifaa kinachoweza kuibana. Wa juu akianguka, wa chini anabana. Kamba ya kukwea hunyumbuka, inarefuka kidogo na kuumeza ule mshtuko. Kamba ya katani ya kufungia ng'ombe hainyumbuki hivyo. Mshtuko wote utaupokea uti wa mgongo wako, kama kamba yenyewe haijakatika.

Ina maana huyu wa chini ameshika uhai wa mwenzake. Mwongozaji wangu alipofika kwenye ule urefu wa tano wa kamba, yaani kipande cha tano cha ukuta, alinitazama akasema, "Mwalimu, leo mimi ni mteja wako. Nishikie." Alikuwa amejipangia namna ya kuwa salama hata nikikosea, niligundua baadaye, lakini wakati ule sikujua. Mita 5,000 na kidogo, upepo unapuliza, nimeshika kamba ya baba wa watu. Tangu nizaliwe sijawahi kuwa makini vile. Kila alipopiga hatua niliisikia kiganjani.

Somo kubwa nililipata wakati wa kushuka. Pale unashuka kwa kuteleza kwenye kamba iliyopitishwa kwenye chuma kilichokwisha kupigiliwa mwambani, unaivuta, unaipitisha kwenye chuma kinachofuata, hivyohivyo mpaka chini. Aliniachia mimi niandae. Nikapitisha kamba, nikaitupa chini, nikajifunga, nikakagua karabina yangu, ile pingu ya chuma yenye mlango, nikahakikisha mlango umekazwa. Nikamwambia niko tayari. Akanijibu kwa upole kabisa: "Mwisho wa kamba una nini?"

Haukuwa na kitu. Nilisahau kufunga mafundo kwenye ncha zake mbili. Bila fundo, ukishuka umechoka na hutazami chini, kamba inakwisha, inapita kwenye kifaa chako, na wewe unaendelea na safari. Wakweaji wazoefu wamekufa hivyo, tena mchana kweupe. Hakunifungia yale mafundo. Alinifanya niivute kamba yote juu, mita kwa mita, mikono ikiwa imeganda, niyafunge mwenyewe, niitupe upya. Ilituchukua muda ambao hatukuwa nao wa kutosha, na bado aliona muda huo ni halali kuutumia. Mpaka leo nikiona ncha ya kamba yoyote, hata ya ndoo ya kisimani, mkono wangu unatafuta fundo.

Barafu nayo ni darasa jingine. Hapa kwetu inaisha: barafu ya Kilimanjaro ilipungua kwa kiasi cha asilimia 85 kati ya mwaka 1912 na 2007. Mimi nilikwenda Rwenzori, kilele cha Margherita, mita 5,109, mpakani mwa Uganda na Kongo, ambako bado unavaa kramponi, ile miiba ya chuma ya chini ya buti, na unafungwa kamba pamoja na wenzako kwa sababu ya nyufa.

Nyufa hizi wazee wa hapa watazielewa upesi kuliko mtu yeyote. Si tunasimuliwa kwamba tembo alikuja kunywa maji akadidimia matopeni, watu wakasema kwa Kigogo "idodomya", na mji ukapata jina? Barafu ya mlimani inatembea polepole kwenda chini, na inapopita juu ya kigongo hupasuka. Theluji mpya inaanguka usiku, inafunika ufa, asubuhi unaona uwanja mweupe uliotulia. Unakanyaga, unadodoma. Yule tembo hakuwa na mtu wa kumvuta. Watu watatu wakifungana kamba, wakaachiana nafasi, wakatembea kamba ikiwa haijalegea, mmoja akizama wawili wanamzuia. Kamba ikilegea, anapata mwendo kabla haijakaza, na hapo anaweza kuwavuta wote.

Kijana wa Kikonjo aliyetuongoza alitutafutia kwanza mteremko mfupi ambao chini yake ni tambarare, akatuvua kramponi, akatuambia tuteleze makusudi. Kwa tumbo, kwa mgongo, kisha kichwa kikiwa chini. Kila mara unageuka kifudifudi, shoka la barafu limebanwa kifuani, unalilalia kwa uzito wako wote ili mdomo wake uzame kwenye theluji. Kramponi tulivuliwa kwa sababu mwiba mmoja ukinasa wakati unateleza, kifundo cha mguu kinavunjika. Tulirudia mpaka nguo zikalowa. Mama mmoja wa kundi letu alilalamika kwamba tumelipia kilele, hatukulipia kugaragara. Kesho yake saa mbili asubuhi mama huyohuyo aliteleza kwenye barafu, na kabla kamba haijakaza alikuwa ameshageuka kifudifudi na shoka limeuma. Alisimama, akafuta uso, hakusema kitu mpaka tulipofika kambini.

Swali lililonitesa kule Marangu, la kuondoka usiku, nalo nilijibiwa huko. Usiku theluji imeganda, inakubeba. Jua likipanda inalainika, madaraja ya theluji juu ya nyufa yanadhoofika, na mawe yaliyoshikwa na barafu yanaachiliwa yanaanza kuporomoka. Ndiyo maana kwenye Milima ya Alps watu wanaamka saa nane au saa tisa za usiku, na ndiyo maana mwongozaji makini anakutajia kabla ya safari saa ya kugeuka. Ikifika saa hiyo mnageuka, hata kama kilele kiko pale unakiona.

Kuhusu hewa nitasema kidogo tu, ingawa ndiyo inayoua wengi. Juu kabisa ya Kilimanjaro mgandamizo wa hewa ni takriban nusu ya ule wa Pwani. Kichwa kuuma na kichefuchefu ni onyo. Mtu akishindwa kutembea kwenye mstari mnyooka, kisigino kikigusa kidole, au akihema sana ilhali amekaa, hakuna mjadala, anateremshwa sasa hivi, usiku ule ule, hata kama inanyesha. Usimfiche mwongozaji wako hali yako kwa kuogopa kurudishwa. Nilimficha wangu, nimewaeleza yaliyonipata.

Sasa, mwongozaji utamtambuaje? Wenzetu wa Alps wana historia ndefu. Chama cha waongozaji wa Chamonix kilianzishwa mwaka 1821, na tangu 1965 lipo shirikisho la kimataifa la waongozaji wa milima, wanachama wake huvaa beji baada ya mafunzo ya miaka kadhaa ya mwamba, theluji na uokoaji. Matterhorn leo mwongozaji mmoja huchukua mteja mmoja. Sisi pia tuna urithi. Kinyala Lauwo wa Marangu anatajwa kuwa ndiye aliyemwonyesha njia Mjerumani Hans Meyer kabla ya Kibo, kilele kikuu cha Kilimanjaro, kufikiwa mwaka 1889. Vijana wetu wanaupanda ule mlima mara nyingi kuliko binadamu wengine wote, wakiwa na mizigo. Mapafu wanayo, moyo wanao. Kinachowapungukia wengi ni kamba, na kinawapungukia kwa sababu hakuna aliyewafundisha, si kwa sababu hawawezi. Wilfred Moshi, Mtanzania mwenzetu, alisimama kilele cha Everest mwaka 2012. Mawenzi, kilele cha pili cha Kilimanjaro, iko palepale nyumbani kwetu, mita 5,149, mwamba wake umeoza na ni wa hatari, na ni wachache sana kati yetu wanaojua pa kuanzia. Hilo linaniuma. Mlima wetu, na elimu yake tuazime kwa wageni mpaka lini?

Kwa hiyo ukimlipa mwongozaji, mwambie wazi: nimekuja kujifunza, usinifungie fundo. Muulize watu wangapi watakuwa kwenye kamba moja. Muulize siku ya kwanza mtafanya nini. Akikujibu kwa kukutajia kilele tu, tafuta mwingine. Na wewe ukiwa na daftari, liandike kila jioni, ulifunga nini, ulikosea nini, nani aligundua.

Vifaa ni ghali, nalijua hilo, mshahara wangu ni wa ualimu. Buti, koti, suruali za kuzuia upepo, vyote hivi nimevipata mtumbani, vingine hapahapa Mnadani baada ya kupekua sana. Ila kamba na hanesi usinunue mtumba hata ukipewa bure. Huwezi kujua ile kamba ilianguka na nani, ilikaa juani miaka mingapi, ilimwagikiwa tindikali ya betri kwenye buti la gari la nani. Kwa macho itaonekana nzima. Karabina nayo iwe ya kukwea, siyo ile ya kuning'iniza funguo. Ya kukwea hubeba nguvu ya uzito wa tani mbili hivi ikivutwa kwa urefu wake mlango ukiwa umefungwa, na mlango ukiwa wazi inabaki na kama theluthi tu. Ndiyo maana nawasumbua na milango.

Na msiniambie Dodoma hakuna mlima. Tumekaa mita 1,100 juu ya bahari, tumezungukwa na mawe makubwa ya matale, magumu, makavu karibu mwaka mzima. Watu wa nchi za mvua wangeyalilia mawe haya. Sisi tunayaanikia mtama. Theluji hakuna, lakini fundo halihitaji theluji, na kumshikia mwenzako kamba hakuhitaji mita 5,000.

Jumamosi ijayo nitakuwa kwenye lile jabali la njia ya Kondoa, mliloliona kwenye picha pale mlangoni. Tunaanza saa kumi na mbili asubuhi, kabla mwamba haujapata moto, tunamaliza saa nne, anayekwenda Mnadani aende. Kamba ninazo mbili, hanesi sita, kofia ngumu nane. Njooni na maji lita mbili kila mmoja, na viatu vyenye soli ya mpira, si kandambili. Walio chini ya miaka 18 waje na barua ya mzazi, au mzazi mwenyewe, itapendeza zaidi. Hakuna atakayekwea siku hiyo. Siku ya kwanza ni mafundo.